Ziwa Asilolinyonya

Wakimuuliza Khairat kitabu chake kakitoa wapi, hujibu kuwa kakitoa kichwani. Wamemuuliza redioni, wamemuuliza siku ya uzinduzi mbele ya wakubwa na soda zao, na jibu lake ni hilo hilo. Uongo mtupu! Kichwani mwa Khairat mlikuwa na wake wenza wanaofumaniana na wanaume wanaotongoza kwa simu. Vitabu viwili alishaviandika vya namna hiyo, vikamletea jina kidogo mjini na maneno mengi kutoka kwa walimu wenzake skuli. Ubaguzi, ulio ndani ya kitabu hiki cha tatu, hakuwa na haja nao. Na angeuandikaje, wakati Unguja nzima ukiuliza utaambiwa hapa hatuna mambo hayo, sisi tumeoana, tumezikana, tunakula sinia moja? Kitabu kile kilitoka nyumba ya jirani, kikapitia mdomoni mwa mamaake mzazi, na kikampotezea ndugu yake.

Nyumba zenyewe ziko Malindi, kwenye kichochoro kinachotokea njia ya bandarini, zimepakana ukuta kwa ukuta. Moja anakaa Bi Ruqaya, kikongwe wa Kiarabu mwenye ulimi mtamu, tasbihi haimtoki mkononi. Mashamba ya babu zake yalishakwenda siku nyingi, na yeye sasa anakula kinachopatikana dukani kwa mwanawe Hashil, lakini nasaba yake anaijua mpaka kizazi cha saba na atakutajia hata kama hukumuuliza. Nyumba ya pili ni ya Bi Mize, mamaake Khairat, mjane anayepika mikate ya kumimina ya oda. Babu yake Bi Mize alitoka Nyasa akaja kubeba magunia bandarini, na hiyo ndiyo nasaba yake yote.

Majirani wazuri, usiseme. Mwezi wa Ramadhani bakuli halilali upande mmoja. Bi Ruqaya akiita "Mize!" kutoka dirishani, Bi Mize huacha alilonalo akaitika, "Naam, Bibi!" Miaka nenda miaka rudi, na hakuna aliyejiuliza kwa nini anayeita ni yule kila siku, na anayekwenda mbio ni huyu.

Bi Mize ana mtoto mwengine, Jecha, mdogo wake Khairat. Jecha ni fundi wa mafriji na viyoyozi, kazi zake nyingi kwenye mahoteli ya Nungwi na Bwejuu. Kijana mweusi tititi wa mamaake, na mcheshi mpaka utamchoka. Akapendana na Hind, binti wa Hashil, ambaye mamaake alikufa siku ya kumzaa na bibi yake Ruqaya ndiye aliyemlea. Wala haikuwa siri kubwa, maana kichochoro kile ukipiga chafya huku unaombewa rehema kule.

Jecha hakutaka mambo ya kona kona. Akamtuma ami yake, Mzee Ubwa, apeleke posa kwa Hashil kama watu wanavyopeleka. Hashil akawapa wazee kahawa na halua, akasema kijana anamjua, hana la kumsema, ila wampe siku chache azungumze na watu wake. Jecha akaruka kwa furaha, akawa anamtania dada yake.

"Andika kitabu cha harusi sasa, dada. Tushachoka na wake wenza wako."

Siku chache zile Bi Ruqaya hakuzilalia. Ijumaa, baada ya sala ya alasiri, wakaitwa. Sebuleni alikuwapo Hashil, kainamisha kichwa, na Mzee Ubwa, na Sheikh Hamad, imamu wa msikiti wa jirani. Bi Mize aliingia na Khairat, wakaketi chini kwenye busati karibu na mlango, ingawa viti vitupu vilikuwapo.

"Mize, mwanangu," Bi Ruqaya akaanza, sauti imejaa asali, "lau si Mungu kunikumbusha tungeingia motoni sote. Umesahau mamaake Hind alipofariki? Si wewe uliyekuwa na maziwa? Si wewe uliyemnyonyesha mtoto huyu?"

Khairat akamgeukia mamaake akingoja aseme la. Maana mwaka ule Khairat alikuwa mtoto wa miaka kumi, na alikuwapo, na aliyaona kwa macho yake.

Mwaka aliozaliwa Hind, Bi Mize alikuwa kazika kichanga chake mwenyewe, hata arubaini hakijatimiza. Maziwa yakamjaa yakamuuma, kanga imerowa kifuani kutwa kucha. Na ng'ambo ya ukuta kuna kichanga kingine kinalia, hakina mama. Bi Mize alivumilia, akashindwa. Akamshika Khairat mkono wakaenda, akapiga hodi. "Bibi, nipeni mtoto nimnyonyeshe," akasema. "Mimi ninayo, yeye anayataka." Bi Ruqaya akamshukuru sana, akamwambia Mungu atamlipa, lakini Hashil keshaleta maziwa ya kopo. Mlango ukafungwa. Hawajafika mwisho wa ngazi wakamsikia huko ndani akimwambia mtu, "Ziwa la Mnyasa liingie kinywani mwa mjukuu wangu? Afadhali alie." Bi Mize akarudi nyumbani, akajikamulia bakulini, akayamwaga chooni. Aliyemshikia bakuli ni Khairat.

Hilo ndilo ziwa lililokuwa likitajwa sebuleni siku ile! Lilikataliwa kwa weusi wake, na sasa linatafutwa kwa weusi huo huo. Watu wana macho makavu, jamani.

"Bi Mize," Sheikh Hamad akasema taratibu, "jambo hili zito. Mtoto akinyonya mara tano akashiba, huyo ni mwanao, na Jecha ni ndugu yake. Ndoa haipo mpaka Kiyama. Umemnyonyesha, hukumnyonyesha?"

Bi Mize alilitazama busati. Kisha akamtazama Bi Ruqaya, na Bi Ruqaya akayakwepa macho yake, akawa anavuta tasbihi tu.

"Nimemnyonyesha, Sheikh," akasema Bi Mize. "Mara nyingi."

Mzee Ubwa akamshukuru Mungu kwa kuwaepusha na janga. Hashil akashusha pumzi, mzigo umemtoka. Bi Ruqaya akaagiza kahawa.

Nyumbani, Khairat hakungoja hata mlango ufungwe.

"Mama! Umesema nini wewe? Mimi nlikuwapo! Bakuli nlilishika mimi!"

"Punguza sauti."

"Sipunguzi! Umemzulia mwanao undugu!"

"Kaa kitako nikwambie." Bi Mize akaufunga mlango. "Ulidhani ningesema la, wangempa Hind? Wangekuja na jingine. Na likishindwa hilo jingine, yule bibi angemwambia usoni. Mnyasa. Mtumwa. Mwanangu angelisikia neno lile kwa masikio yake, kama nlivyolisikia mimi pale ngazini, na mimi mpaka leo halijanitoka. Bora akataliwe kwa ziwa langu kuliko akataliwe kwa ngozi yake. Ziwa ni sheria ya Mungu, mtu hulia akanyamaza. Ngozi ataivua wapi?"

"Lakini ni uongo, mama. Na mbele ya Sheikh."

"Dhambi nshaibeba mimi. Na wewe ukimwambia Jecha, Khairat, radhi yangu huna. Hai wala maiti."

Radhi ya mama si kitu cha kuchezea. Khairat akafunga mdomo. Na wewe unayesema ungesema, hujaambiwa neno hilo na mamaako.

Ila Bi Mize alikosea, na kosa lenyewe lilikuwa kubwa. Aliogopa mwanawe asije akajiona duni, hakufikiri kuwa atajiona najisi. Jecha kaambiwa msichana aliyemtamani ni dada yake. Alishamshika mkono, na pengine si mkono tu, hayo anayajua yeye na Mola wake. Basi alikuwa akioga, akaoga tena, kama mwenye janaba isiyotoka. Akafunga Jumatatu na Alhamisi. Akitoka kazini Bwejuu anapitiliza msikitini, akija nyumbani anakula kidogo, hasemi, na ule utani wake wote ukamkauka. Hind alimpigia simu mpaka akachoka. Jecha hakupokea, mwisho akabadilisha namba.

Siku moja alimkuta Khairat anasahihisha madaftari ya wanafunzi, akaketi mbele yake.

"Dada, mtu aliyemtamani ndugu yake, Mungu humsamehe?"

Jibu lilikuwa mdomoni. Khairat akautazama mlango wa chumba cha mamaake, akalimeza. "Mungu ni mwingi wa rehema," akasema. Jecha akatikisa kichwa, hakuridhika, akaondoka. Khairat aliingia chumbani akalia kwa hasira, akiuma mto asisikike.

Huku nyuma Hind akaposwa na Ammar, jamaa yao wa Maskati. Bi Ruqaya alipita nyumba hadi nyumba akitangaza kuwa mjukuu wake kapata kufu yake. Hashil hakuwa na neno. Hashil hajawahi kuwa na neno.

Ikaja harusi. Sasa hebu nambieni: mama wa ziwa si mama? Haki yake akae na wakubwa, apewe mkaja wake, bi harusi amwombe radhi. Bi Mize alipewa kisu na karai la vitunguu, akaonyeshwa uani. Hakuna hata mmoja aliyekumbuka. Uongo ulimaliza kazi yake, ukawekwa kando, na mwenye kuubeba akarudishwa jikoni kwake. Bi Mize akakunja kanga kiunoni akaanza kumenya, na Khairat pembeni yake akimenya kwa ghadhabu, maganda yanaruka.

Jecha naye aliitwa, maana friza ya sharubati ilizima asubuhi. Akaja na begi lake la vyombo, akachutama ukumbini kuifungua, uso ukutani. Kumkatalia jirani siku ya harusi haiwezekani, na kwa hesabu zake yeye harusi ile ilikuwa ya dada yake.

Akdi ilishasomwa msikitini. Ada ya nyumba ile, kabla bwana harusi hajaletwa, maharimu wa bi harusi, wanaume asioweza kuolewa nao, huingia chumbani wakamwombea dua. Hind alikuwa kakaa kitandani, piko mikononi, nywele wazi zinanukia udi, na wajomba na ami zake walishapita mmoja mmoja. Khairat aliingia na sinia ya sharubati ya mwisho iliyobaki baridi, akasikia bi harusi anasema:

"Bibi, bado kaka yangu mmoja."

"Nani tena?" Bi Ruqaya akauliza.

"Jecha. Yuko hapo ukumbini. Aje aniombee dua."

Wanawake wakatazamana. Bi Ruqaya akacheka kicheko cha juu juu. "Baadaye, mwanangu. Ukishajifunika."

"Nijifunike nini, na yule ndugu yangu? Si umesema wewe?" Hind hakuwa analia, hakuwa anacheka. Tangu utotoni bibi yake alikuwa akijisifu mbele ya wageni kuwa mtoto huyu kakua kwa maziwa ya kopo, hakuguswa na ziwa la mtu. Alilijua hilo kama anavyoijua Fatiha. Akapaza sauti: "Jecha! Kaka Jecha! Njoo, nnakuita!"

"Naam," Jecha akaitika huko nje.

Wakasikia ndara zake. Akafika mlangoni, bisibisi mkononi, macho chini, akalishika pazia.

Na Bi Ruqaya, mseme utakavyomsema, Mungu alimwogopa kwa namna yake. Uongo aliuweza, maana uongo una toba. Lakini mwanamume asiye maharimu amtazame mjukuu wake kichwa wazi, naye keshakuwa mke wa mtu, hilo halikumpita kooni. Kikongwe yule aliruka! Akatanda kanga mlangoni kwa mikono miwili.

"Rudi! Rudi we! Mwanamume wa kando haingii kwa mke wa watu!"

"Wa kando, Bibi?" Hind akauliza. Sasa machozi yalikuwa yanamteremka, yanaharibu wanja. "Si ndugu yangu wa ziwa?"

Bi Ruqaya angeweza kutafuta la kusema, hakukosa maneno tangu azaliwe. Lakini alishikwa pabaya, na mtu akishikwa pabaya hutoa alichonacho.

"Ulitaka nini?" akapiga kelele. "Ulitaka unizalie vitukuu vya Kinyasa? Vya kitumwa? Mimi?"

Jecha alikuwa nyuma ya pazia, hatua moja. Na nyuma ya Jecha alikuwa Bi Mize, aliyesikia makelele akaja mbio kutoka uani na kisu cha vitunguu mkononi. Khairat aliwaona wote wawili kupitia uwazi wa pazia. Mamaake alimnyooshea mwanawe mkono, na mwanawe hakugeuka.

"Pigeni vigelegele, jamani," mwanamke mmoja akasema kwa aibu. "Bwana harusi yuko njiani."

Wakapiga. Ndoa ishafungwa, biriani lishaiva, na wageni wa Maskati wamekuja kwa ndege. Harusi gani itavunjwa kwa ajili ya mtoto wa Bi Mize? Hind alifutwa wanja akapakwa mwengine. Alikuwa hakutaka kuivunja, na asingeweza. Alitaka tu Jecha asikie mwenyewe.

Jecha alirudi kwenye friza, akakifunga kifuniko cha nyuma alichokuwa kakiacha wazi, akakaza skrubu zote, akaichomeka. Ikaanza kunguruma. Akaokota vyombo vyake akaondoka.

Nyumbani walimkuta keshatoa begi la nguo.

"Dada, ulijua?"

"Nlijua," akasema Khairat. Alitaka kuongeza neno la radhi, akaona haya.

Bi Mize alikaa sakafuni pale pale mlangoni. "Mwanangu, nlitaka kukusitiri."

"Kunisitiri na nini, mama? Miezi yote hii nnajichukia. Nnasali nnalia, nnajiona mnyama. Na wewe unanipikia futari, unanitazama ninavyokula."

"Nliogopa usije ukalisikia neno lile."

"Nimelisikia leo. Nimesimama, sikufa." Akakunja shati, akalikunjua, akalikunja tena. "Wangenikataa kwa weusi wangu, ningerudi kwako. Sasa nirudi kwa nani?"

Jecha alipanda boti ya Dar es Salaam asubuhi yake. Hakumuaga mtu, hakuomba radhi, na namba yake akaibadilisha mara ya pili. Ubwa alisikia kutoka kwa mtu wa bandarini kuwa yuko Mtwara, mwengine akasema kavuka mpaka. Mpaka leo hapana mwenye hakika.

Wiki ile ile Khairat alikaa akaanza kuandika. Bi Mize alimwona. Khairat akafikiri atamkataza, hakumkataza.

"Unaandika nini?"

"Yetu, mama."

"Basi nisomee. Macho yangu hayaoni tena herufi ndogo."

Ikawa kila alasiri akirudi skuli, Khairat anasoma na Bi Mize anachekecha unga, anasikiliza kama anayesikiliza taarifa ya habari. Mama wa kitabuni hakupambwa. Alisema uongo mbele ya Sheikh, akamtazama mwanawe anakonda, akanyamaza. Bi Mize hakulalamika. Mahali pamoja tu aliingia kati, pale kwenye yale maneno ya Bi Ruqaya, ambayo Khairat alikuwa kayalainisha.

"Yaweke kama alivyoyasema," akaamuru. "Usimpunguzie."

Wakaendelea hivyo mpaka wakafika kwenye safari ya boti. Bi Mize akaacha kuchekecha.

"Na huyo mwanawe, humo kitabuni, anarudi?"

"Sijafika huko, mama."

"Mrudishe."

Khairat akafunika kalamu.

"Kitabu chako, kalamu yako, nani atakukataza?" Bi Mize alisema, na kwa mara ya kwanza tangu siku ya harusi alikuwa analia waziwazi, unga mikononi, hana pa kujifutia. "Mrudishe mtoto kwa mamaake, Khairat. Humo tu. Sikuombi kwengine."

Khairat alijaribu, haki ya Mungu alijaribu. Alimwandika kijana anashuka botini na begi lake, anapita bandarini, anaingia kichochoroni. Kila akifika mlangoni, Khairat aliona watu wa mji huu wakisoma, wakishusha pumzi, wakifunga kitabu na kusema si unaona, yamekwisha, sisi sote ndugu. Akafuta. Akaandika tena, akafuta tena.

Kitabu kilipotoka alimletea mamaake nakala ya kwanza. Bi Mize alinawa mikono, akaketi, akataka asomewe mwisho tu. Khairat akamsomea. Alipomaliza, mamaake aliendelea kungoja, kichwa kainamisha upande.

"Ndiyo basi?"

"Ndiyo basi, mama."

Bi Mize akakichukua kitabu. Akalowesha kidole kwa ulimi, akawa anapekua karatasi za mwisho moja moja, akizisugua kwa vidole, aone kama hakuna mbili zilizogandana.